Msimu Mmoja wa Toni Nieminen

Asanteni, kaeni. Mwenyekiti amesema nitazungumzia bingwa wa skii. Nitamsahihisha kidogo: nazungumzia kijana aliyekuwa bingwa kwa msimu mmoja. Ninyi mnafundisha watoto mbio na mpira, theluji hamna habari nayo, lakini mtaona kwa nini nimemchagua.

Kwanza mchezo wenyewe, kuruka kwa skii. Mtu anafunga miguuni skii, yaani mbao ndefu za kutelezea thelujini, anateleza toka juu ya kilima mpaka mwendo unakaribia kilomita 90 kwa saa, halafu njia inakatika, naye anapaa ili atue mbali iwezekanavyo. Wengi hudhani pale mwisho njia imeinuliwa ili imrushe juu. Sivyo, imeinamia chini! Kinachombeba ni msukumo wa miguu yake na hewa.

Miaka mingi warukaji walishika skii zao sambamba. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Mswidi mmoja, Jan Boklöv, akawa anazipanua ncha kama herufi V. Hewa ikapata pa kushika, naye akafika mbali. Waamuzi walimkata alama za mtindo, eti si vizuri kutazama. Hata hivyo Kombe la Dunia la msimu wa 1988/89, ambalo hushindaniwa msimu mzima, akalichukua.

Basi wakongwe wakapata shida. Jens Weissflog wa Ujerumani Mashariki alikuwa na dhahabu ya Olimpiki ya Sarajevo, 1984, aliyoipata kwa mtindo wa zamani. Mwili ulishakariri, na sasa anaambiwa aanze upya. Toni Nieminen, mzaliwa wa Lahti, Ufini, mwaka 1975, alikuwa mtoto. Hakuwa na mengi ya kusahau.

Msimu wa 1991/92 akaja kama mafuriko. Akashinda Mashindano ya Milima Minne, yale ya Ujerumani na Austria ya kufunga na kufungua mwaka. Februari, Olimpiki ya Albertville: shaba kwenye kilima kidogo, dhahabu kwenye kikubwa, na dhahabu ya timu, ambapo Ufini iliipita Austria kwa pointi moja na nusu tu. Siku ile ya timu alikuwa na miaka 16 na siku 259. Mwanamume mdogo kuliko wote kupata dhahabu ya majira ya baridi kabla yake alikuwa Mmarekani Billy Fiske, wa sledi, mwaka 1928: miaka 16 na siku 260. Siku moja, jamani! Msimu ukaisha na Kombe la Dunia mkononi, hata miaka 17 hajatimiza.

Medali nyingine ya Olimpiki hakuipata tena.

Wapo wanaosema umaarufu ulimlevya. Mimi siutaki mjadala huo, ni rahisi mno. Tazameni mambo mawili. Mvulana wa miaka 16 bado anarefuka na kuongeza uzito, na mchezo huu unahesabu kila kilo. Halafu wale wakongwe hawakulala. Weissflog alijifunza ile V, na mwaka 1994 kule Lillehammer akatwaa dhahabu ya kilima kikubwa, miaka kumi baada ya Sarajevo. Kwa hiyo Nieminen alikuwa na kipaji, sikatai, lakini pia alipita mlangoni wakati wenzake wanatafuta ufunguo. Kocha asiyetofautisha hayo mawili atamchosha mtoto kwa kumdai msimu ambao haurudi.

Ila alibakiza moja. Machi 17, 1994, Planica, Slovenia. Andreas Goldberger wa Austria aliruka mita 202, lakini akagusa theluji kwa mkono alipotua, ikawa haihesabiki. Kisha akaja Nieminen: mita 203, akatua wima. Ni karibu viwanja viwili vya mpira, na hakuna aliyewahi kuvuka 200 akasimama kabla yake. Alikuwa na miaka 18. Akaendelea kuruka mpaka 2004.

Haya, mzee wangu pale nyuma, mkono umeuinua tangu niliposema njia imeinamia chini. Uliza.