Benchi la zahanati si baraza la wazee

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wa Mikindani, habari za jioni.

Wengi mmeshanisikia nikilisema hili, kwamba wazee wetu wanaumwa upweke, kwenye mikutano ya mtaa, misibani, hata sokoni. Leo nalirudia, maana mwezi ujao ni Oktoba na najua tutakachofanya. Tarehe 1, Siku ya Wazee Duniani, tutagawa mchele, sukari na kanga, tutapiga picha, saa saba tumeshatawanyika. Siku hizohizo korosho zinadondoka. Nyumba nzima inahamia shambani, mzee anaachiwa funguo, kuku na mjukuu wa miaka minne. Mpaka Desemba hana wa kuzungumza naye. Huo mchele nani anampikia?

Nilikuwa muuguzi wa zahanati miaka mingi. Alikuwapo babu mmoja, kila wiki anakuja mara tatu. Leo mgongo, keshokutwa goti, mara usingizi. Presha tunapima, iko sawa. Tunampa dawa za maumivu, haondoki. Anakaa benchini mpaka tunafunga. Wenzangu walikuwa wakinong'ona kwamba anatuchosha, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Siku moja ya mvua hakuwapo mgonjwa mwingine. Nikakaa naye, nikamuuliza, babu, hasa kinachouma ni nini? Akanyamaza kidogo, akasema: "Mwanangu, nyumbani siku ya tatu hii sijaamkiwa. Hapa kila anayepita ananiambia shikamoo."

Nilimsindikiza kwake. Chini ya kitanda lilikuwapo bao, la mninga, mashimo yamelainika kwa vidole. Ndani ya nyumba, lile shimo la mraba la bao, kulikuwa na sindano na uzi. Wenzake watatu wa kucheza nao walishatangulia mbele ya haki, komwe, zile mbegu za kuchezea, zikachukuliwa na watoto moja moja. Tukazihesabu: 41. Mnajua bao linataka 64, kila mtu aanze na 10 ubaoni na 22 mkononi. Kwa 41 huwezi hata kunamua, yaani kuanza mchezo. Nikawatuma wajukuu zake vichakani kule pwani, wakarudi na komwe fulana imejaa. Jumamosi ile wakaja wazee wawili kutoka mtaa wa pili, ambao hata yeye alidhani wamekufa. Wakacheza mpaka Magharibi. Waliotuchungulia walisikia kelele wakadhani kuna ugomvi!

Tangu hapo zahanati akawa anakuja mara moja kwa mwezi.

Najua kuna anayejiuliza, kwani bao linatibu presha? Sikusema hivyo. Mwenye presha anywe dawa zake, tena mwenye miaka 60 na kuendelea adai huduma yake, Sera ya Taifa ya Wazee inamtambua tangu mwaka 2003. Mwingine atasema mzee anataka pesa. Pesa anazitaka! Zanzibar tangu 2016 mwenye miaka 70 ana pensheni jamii, na sisi huku Bara tuendelee kuidai. Lakini hata ikija kesho, ataipokea akiwa peke yake palepale kizingitini.

Na msiniambie wana watoto wao. Watoto wako Dar es Salaam, wanatuma chochote kwa simu, Mungu awazidishie. Aliyeko Mbagala hawezi kukaa na baba yake Mikindani saa kumi alasiri. Jirani anaweza.

Bibi zetu nao, maana bao wengi hawalichezi. Wanajua kusuka ukili. Wengine walikuwa makungwi, wanawali wote wa mtaa huu wamepita mikononi mwao, leo hata harusini hawaitwi. Tuwape miyaa na kivuli, na mabinti wakakae karibu yao wajifunze.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka niseme juu ya mtoto wa jicho, na choo cha kukalia kwa wasioweza kuchutama, ila nayaacha. Tuje tukae na wazee wetu Jumatano, saa kumi alasiri, hapahapa ofisi ya mtaa. Bao lipo moja, mikeka nitaleta. Wako wawili wasioweza kutembea, mmoja karibu na kisima, mmoja kule mlimani. Nahitaji mwenye bajaji wa kuwafuata na kuwarudisha. Nani? Nyoosheni mikono niione.