Wiki tatu nilizima simu

Jambo yenu, ndugu zangu wa Bukavu, Uvira na Goma, kwetu Kongo, na nyinyi mlio njiani. Niko Kayole, hapa Nairobi. Wengi mmeniuliza nilipotelea wapi. Nilizima simu. Wiki tatu, mimi niliyewaambia mnipigie saa yoyote mkimbizi akikamatwa au kadi yake ikisumbua.

Usiku mmoja, saa tano kasoro, mama mmoja wa kwetu alipiga. Kijana wake amekamatwa akitoka gereji. Kadi yake ya mkimbizi muda umekwisha, ameomba mpya, amepewa karatasi ya kusubiria, na karatasi yenyewe imekunjwa na kukunjuliwa mpaka maandishi ya katikati yamefutika. Nikapanda boda hadi kituoni. Kaunta ni ile ile ila askari mwingine, nikaanza upya maneno niliyoyasema mwezi uliopita. Kijana alitoka alfajiri. Mama yake akanikumbatia akilia, nami sikusikia furaha wala hasira. Nilikuwa kama gogo. Hapo nikaogopa sana.

Kinachochosha kazi hii ni kurudia. Desemba 2012 serikali ya Kenya ilitangaza wakimbizi wa mijini wote wahamie kambini. Shirika la Kituo Cha Sheria na wakimbizi wenyewe wakaenda mahakamani, na Julai 2013 Jaji David Majanja akaitupa amri ile. Watu walishangilia. Haukupita mwaka, Machi 2014 amri nyingine ikatoka, na Aprili maelfu, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, wakakamatwa na kupelekwa uwanja wa Kasarani kuhakikiwa. Leo tuna Sheria ya Wakimbizi ya 2021, inayotambua haki ya mkimbizi kufanya kazi. Lakini huyo kijana wa gereji alilala ndani. Sheria iko kwenye vitabu, na usiku ule ilihitaji mtu wa kuileta kaunta.

Halafu Februari 2025 waasi wa M23 wakaingia Bukavu. Nanyi mnajua simu zilivyolia. Mchana nashughulikia kadi za watu, usiku natafuta shangazi zangu. Kulala nikaona ni dhambi.

Nawaambia kweli: zile wiki tatu hazikuniponya. Nililala, nikala, nikaamka na hofu ile ile, maana nilijua nikiwasha simu nitakuwa peke yangu tena.

Aliyenisaidia ni mama mmoja wa Eastleigh, wa Kisomali, aliyepita Kasarani 2014. Alinikaribisha chai, akatoa daftari la shule, jalada limepigwa selotepu. Kila siku ina majina mawili: mmoja wa kupokea simu, mwingine wa kwenda. Anayekwenda kituoni hapokei simu siku hiyo. Aliyekwenda usiku, kesho yake hapangwi. Na jina likikaa wiki mbili mfululizo, wanalitoa wenyewe, mwenyewe apende asipende. Nikamuuliza, je, akikataa? Akasema, “Tunampelekea chakula, simu tunachukua.”

Nililia pale pale, mbele ya vikombe.

Sasa nasi tuna daftari. Tuko tisa: fundi cherehani, wauza vitenge wawili, mwalimu, vijana wa kanisani. Nimewafundisha cha kusema kituoni: jina la sheria, mwaka wake, na kuomba kwa heshima mtuhumiwa aandikwe kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha polisi. Mwanzoni niliumia kuona mwingine akienda badala yangu. Alikosea maneno mawili matatu, na mtu alitoka vilevile.

Nyinyi wa nyumbani, msiache kunitumia habari. Ila mkipiga akapokea sauti msiyoijua, ongeeni naye kama mnavyoongea nami. Ni wa kwetu, na mambo yenu hayatangazi.

Zamu yangu ni kesho, Jumatano. Mwenye swali kuhusu karatasi ya kusubiria aandike hapo chini tarehe aliyopewa na mtaa anaokaa. Namba ya kadi msiiandike hapa, tafadhali. Na karatasi ile itieni plastiki leo, kabla haijafutika.