Usafi wa Bamba la Kupimia katika Karakana ya Nyumbani

Mabibi na mabwana, mafundi wenzangu,

Bamba la kupimia ni jiwe au chuma kinene chenye uso tambarare kabisa, na juu yake tunaweka kipande tunachokitengeneza ili kukipima. Bamba zuri la graniti lenye ukubwa unaotosha karakana ya nyumbani huwa na kosa la utambarare la mikroni chache tu kutoka kona hadi kona, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu una unene wa mikroni zipatazo 70. Basi chembe ya mikroni 20 ikinasa chini ya ncha moja ya kipande chenye urefu wa milimita 100, kipande kizima huinuka upande huo, geji, yaani kifaa cha kupimia, husoma mteremko usiokuwapo, na fundi huchukua tupa kurekebisha kazi iliyokuwa sahihi tangu mwanzo. Hasara hiyo inaniuma sana.

Adui mkubwa ni unga wa jiwe la kunolea, kwa kuwa nyumbani bamba hukaa chumba kimoja na mashine ya kunolea. Chembe za silikoni kabaidi, kitu kigumu kinachotumika kutengenezea mawe ya kunolea, ni ngumu kuliko graniti yenyewe, hivyo kila kipande kinachosukumwa juu yake hulisaga bamba kidogo kidogo, hasa pale katikati tunapopenda kufanyia kazi. Kwa hiyo bamba lifunikwe kila lisipotumika, na kifuniko nacho kifutwe kabla ya kuondolewa. Kupuliza kwa kompresa sikushauri hata kidogo, maana vumbi hupeperuka na kutua tena palepale.

Futa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholoweshwa spiriti, kisha pitisha kiganja kikavu polepole juu ya uso wote, kwani ngozi hugundua punje ambayo jicho limeikosa. Kipande nacho kifutwe upande wa chini, na kingo zake ziondolewe makali, jambo ambalo wengi hulisahau.

Baada ya kufuta, subiri. Spiriti inapokauka hupoza uso wa juu, uso husinyaa, na katikati ya bamba hudidimia kidogo hadi joto lilingane tena. Maji hukawia zaidi kukauka, tena huingia katika vinyweleo vya jiwe, na kipande cha chuma kikiachwa juu yake hupata kutu.

Wenye bamba la chuma cha kusubu walipake mafuta mepesi baada ya kazi na kuyafuta yote kabla ya kupima. Wakague pia mahali palipogongwa, kwa sababu chuma kikigongwa huota kinundu kinachoinua kipande, ilhali graniti humeguka tu na kuacha kishimo.