Volti Unayoiandika Siyo Inayoifikia Prosesa

Wakubwa shikamooni, vijana habari za mchana. Mlionisikia mwaka jana mtanivumilia, maana nimerudi na neno lilelile na nitalisema mpaka mashine zenu ziache kuganda. Namna ya kuingia kwenye bayosi, ile mipangilio ya msingi ya kompyuta, mnaijua, na kupandisha kasi ya prosesa kupita ile ya kiwandani mnajua pia. Leo ni volti tu.

Nyumba yenye nyaya nyembamba, mama akichomeka pasi, taa inafifia. Prosesa nayo ndivyo. Ikiwa haina kazi inavuta umeme kidogo. Ukiipa kazi nzito, mkondo unapanda kwa kufumba na kufumbua, na volti inashuka. Kwenye bayosi umeandika 1.30, lakini video ikianza kuchakatwa, prosesa inapata 1.21. Waliosanifu umeme wa prosesa waliukusudia mshuko huo. Siyo ubovu wa ubao mama! Nimeshalisema hili mara ngapi?

Kijana mmoja aliniletea mashine yake, anahariri video za harusi. Alikuwa ameona hiyo 1.21 kwenye programu ya vipimo, akakasirika, akaona ameibiwa umeme. Akaenda kwenye lodilaini, kile kipengele cha bayosi cha kuzuia mshuko wa volti mnachokiita LLC, akakiweka ngazi ya juu kabisa. Kweli, volti ikanyooka: 1.30 mashine ikiwa tupu, 1.30 ikiwa na mzigo. Akafurahi siku mbili. Siku ya tatu mashine ikaanza kuganda, na haikuganda katikati ya kazi. Iliganda kazi ilipoanza, au ilipokoma. Akaongeza volti. Ikapata joto zaidi, ikaganda vilevile. Akaongeza tena. Alipofika kwangu, prosesa ilikuwa inagusa nyuzi 100 na kujipunguzia kasi yenyewe, kwa hiyo video zilichukua muda mrefu kuliko kabla hajagusa chochote.

Mwangalieni msukuma mkokoteni. Anasukuma kwa nguvu zote mlimani, halafu magunia yote yanadondoka kwa mpigo. Mkokoteni unamtoroka. Saketi ya umeme kwenye ubao inafanya hivyohivyo mzigo unapoondoka ghafla: volti inaruka juu ya ile uliyoandika, kwa muda mfupi mno kiasi kwamba programu yako ya vipimo haiioni. Mzigo ukirudi ghafla, volti inachimba chini kwanza ndipo inanyooka. Ule mshuko wa kawaida unaacha nafasi ya miruko hiyo. Ukiufuta kabisa, umeifuta nafasi. Nilimrudishia lodilaini ngazi ya kati, nikapunguza volti hatua kwa hatua. Prosesa yake ilihitaji 1.22 tu ikiwa kazini. Ile 1.21 iliyomkasirisha ilikuwa pungufu kwa volti 0.01 tu!

Mtaniuliza, kama mshuko ni mzuri, kwa nini wametuwekea kipengele cha kuuzuia? Kwa sababu ukipandisha kasi, mshuko mkubwa sana unakulazimisha uandike volti kubwa mno juu ili ibaki ya kutosha chini. Ndiyo maana nasema ngazi ya kati. Na someni maelezo ya ubao wenu kwanza: kwa bao za ASUS namba kubwa ya lodilaini ndiyo kali, kwa za ASRock namba 1 ndiyo kali. Kuna watu wamekwenda upande usio wao kwa kunakili namba ya rafiki.

Sasa joto. Joto la prosesa linakua sambamba na kasi, lakini kwa volti linakua kwa mraba wake. Pigeni hesabu: kutoka gigahezi 4.0 kwa volti 1.20 hadi gigahezi 4.4 kwa 1.35. Kasi imeongezeka asilimia 10. Umeme unaogeuka joto umeongezeka karibu asilimia 39. Na wanaowaandikia miongozo mnayosoma wengi wao wamekaa kwenye chumba cha nyuzi 20. Wewe uko Dar es Salaam mwezi wa Februari, nyuzi 32 nje, ndani ya kasha ni zaidi. Namba zao si zako.

Mwingine ataniambia, "Basi niache volti kwenye Oto, ubao utajua wenyewe." Hapana! Oto inapendelea mashine iwake, haiangalii prosesa iishi miaka mingapi. Mwaka 2023 baadhi ya prosesa za AMD Ryzen 7000, hasa zile za X3D, ziliungua baada ya watu kuwasha tu EXPO, mpangilio ulio tayari wa kupandisha kasi ya memori. Bao zilikuwa zinapandisha zenyewe volti ya SoC, ile sehemu ya prosesa inayoendesha memori, mpaka AMD ikaweka kikomo cha 1.3. Mwaka 2024 ikawa zamu ya Intel, Core za kizazi cha 13 na 14: prosesa ziliomba na kupewa volti ya juu kupita kiasi, zikachakaa. Intel ilitoa maikrokodi, yaani marekebisho ya programu ya ndani ya prosesa, namba 0x129, kisha 0x12B, na ikaongeza dhamana miaka 2. Lakini prosesa iliyokwisha kuchakaa haiponi kwa maikrokodi. Na wengi wa wenye prosesa hizo hawakuwa wamepandisha kasi hata kidogo.

Naonyeshwa saa, nakimbia. Zimeni kwanza mpangilio wa kasi ya memori, XMP au EXPO, msichanganye memori na prosesa katika jaribio moja. Pandisheni megahezi 100, pimeni kwa OCCT au Prime95, programu za kuipa prosesa mzigo mzito. Ikianguka, ongezeni volti 0.01, au 0.02, isizidi hapo kwa hatua. Someni volti mashine ikiwa na mzigo. Tazameni orodha ya matukio ya Windows: makosa ya WHEA, yaani ya vifaa vya mashine, yakionekana, mashine haijatulia, hata kama haijaganda. Andikeni kila badiliko kwenye daftari.

Volti ya memori nilitaka kuigusa, muda hauruhusu. Kuna mashine tatu nyuma pale, lodilaini zake ziko juu kabisa. Njooni tuzishushe.