Ananyakuliwa au Amepandwa? Mchoro Mmoja wa Kolo na Wasomaji Wake

Assalamu alaikum, na wengine nyote, hamjambo.

Sitawafundisha watu wa Mombasa mafumbo. Taarabu inapigwa harusini, mmoja anatunza, mwenzake anajifunga kanga aondoke, na asubuhi mtaa mzima unabishana nani aliyepigwa kijembe. Na hapo mtunzi yu hai. Waweza kwenda kumbishia hodi ukamwuliza. Jioni hii natazama fumbo ambalo mtunzi wake hakuacha hata jina.

Liko Kolo, Kondoa, kule Tanzania bara, penye miamba iliyochorwa zaidi ya 150, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Tazameni picha hapa ukutani. Watu watano, wembamba kama fito, kwa rangi nyekundu. Wa katikati anavutwa mikono huku na huku. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale aliyenakili michoro ya Kondoa mwaka 1951, aliona mwanamke ananyakuliwa. Ukiutazama mchoro peke yake, utakubali.

Miaka ya 1980 David Lewis-Williams, mtaalamu wa michoro ya miambani wa Afrika Kusini, akausoma vingine. Haibwi mtu hapa, ni ngoma. Wa katikati amepandwa na pepo, wenzake wanamshikilia. Nyinyi mliowahi kukaa ngoma ya pepo mwajua mwele anavyoshikwa. Mgeni akichungulia dirishani si angesema anapigwa?

Hakulitoa hewani. Wasandawe, majirani wa Kondoa, wana ngoma iitwayo simbo, ambamo mchezaji hupagawa akawa simba. Na kusini, kwenye milima ya Maloti, mwaka 1873 kijana Msan, wa wale wawindaji wa kusini mwa Afrika, aitwaye Qing alimfasiria michoro ofisa wa kikoloni, Joseph Orpen. Alisema wale wenye vichwa vya paa ni watu waliokufa, sasa wanaishi mitoni, na waliharibiwa wakati mmoja pamoja na pofu, yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala, na kwa ngoma.

Neno “waliokufa” limewagombanisha wataalamu hadi leo. Lewis-Williams asema ni kufa kwa mchezaji anayezimia ngomani. Anne Solomon, mtaalamu mwingine wa michoro hiyo, asema kufa ni kufa, hao ni wafu hasa. Nanyi kumbukeni Qing alipita kwenye vinywa vya wakalimani kabla ya kufika kwenye karatasi ya Orpen.

Mimi, kule kwenye milima ya Drakensberg, Afrika Kusini, namfuata Lewis-Williams. Pale kwenye mwamba wa Game Pass kachorwa mnyama pofu anayekufa, miguu ya nyuma imepishana, na mtu aliyemshika mkia naye kapishanisha yake vilevile. Mchoraji hakupitiwa mkono hapo. Kolo namfuata polepole, maana Qing yuko mbali mno na Kondoa. Lakini mwaka 1988, Lewis-Williams na mwenzake Thomas Dowson walipoivusha hoja hadi mapango ya Ulaya ya enzi ya barafu, mimi nilishuka chomboni. Walisema ubongo wa binadamu ni mmoja, basi nukta na mistari ya kupindapinda ni yale ayaonayo mtu aliyepagawa. Jamani! Mama zetu husuka ukili wenye mistari hiyohiyo, na sijasikia aliyezimia ndipo mkeka ukaisha. Kusini kuna maneno ya Qing, hata kama ni ya kugombaniwa. Lascaux, lile pango la Ufaransa, utamwuliza nani?

Kolo kuna wa kuulizwa, ila jibu lao halikai vizuri kwenye vitabu vyetu. Warangi hutambika kwenye miamba hiyo mpaka leo, kuomba mvua na uzima, na pombe humwagwa kwenye jiwe. Wahifadhi wanalia rangi inaharibika. Wataalamu nao wanasema michoro myekundu ni ya wawindaji waliotangulia, Warangi walikuja baadaye. Sawa. Lakini sisi tunaobishana humu ukumbini, nani kati yetu aliyechora? Kama Leakey ana haki ya kusoma, na mimi na tarakilishi yangu nina haki, sioni mzee wa Kirangi anayekwenda pale kwa shida ya mvua ananyimwa kwa hoja gani.

Mzee pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja pepo. Karibu, mzee wangu. Mpeni kipaza sauti.