Phelps-Stokes Alikuwa Mwanamke

Ndugu walimu, kila mwaka ninapowauliza wanachuo wa ualimu Phelps na Stokes walikuwa nani, hunijibu kwamba ni Wazungu wawili waliokuja kukagua shule zetu mwaka 1924. Mwanachuo mmoja aliwahi kwenda ubaoni akawachora wote wawili wamevaa kofia za jua, mmoja ameshika daftari. Nilizifuta zile kofia kwa kiganja, nikaandika mahali pake jina moja: Caroline Phelps Stokes.

Alizaliwa New York mwaka 1854 katika ukoo uliotajirika kwa biashara ya metali na benki. Hakuolewa. Yeye na dada yake Olivia waliizunguka dunia mwaka 1896 na 1897, na mali waliyorithi waliitoa kwa makanisa, kwa makazi ya maskini na kwa shule za Wamarekani weusi, Tuskegee ikiwa mojawapo. Alifariki mwaka 1909, na wosia wake ukazaa Mfuko wa Phelps-Stokes, uliosajiliwa mwaka 1911, ambao miongoni mwa shabaha zake ilikuwa elimu ya Waafrika.

Mtaniambia kwamba marehemu halaumiwi kwa yaliyotendwa miaka kumi na mitano baada ya kuzikwa. Simlaumu hata kidogo. Ninachodai ni kwamba tuusome wosia huu kama tunavyosoma wosia wa mirathi majumbani mwetu, tukiuliza kwanza nani amekabidhiwa usimamizi, kwa sababu msimamizi ndiye anayeamua mtoto atakula nini. Hapa aliyetumwa na mfuko huo kuongoza tume ya kukagua shule za Afrika Mashariki mwaka 1924 ni Thomas Jesse Jones, aliyekuwa amefundisha Hampton, chuo cha Wamarekani weusi huko Virginia, na ambaye alifika Afrika Mashariki akiwa tayari na imani kwamba Mwafrika afundishwe zaidi kilimo, ufundi na usafi. Mwaka 1925 ripoti ya tume ikachapishwa, na Kabete, karibu na Nairobi, ikaanzishwa shule ya Jeanes, jina la mrithi mwingine wa kike, Anna Jeanes wa Philadelphia. Hata yeye tumemsahau.

Muda unanibana, nami nilitaka kumzungumzia James Aggrey wa Gold Coast (Ghana ya leo), aliyekuwamo katika tume hiyo. Nitaje tu Mkenya Mbiyu Koinange, aliyekwenda Hampton mwaka 1927, kisha mwaka 1939 akaongoza chuo cha Githunguri, kilichoandaa walimu wa shule huru za Wakikuyu, ambazo wazazi walizijenga kwa michango yao wenyewe huku wakidai watoto wao wafundishwe Kiingereza mapema.