Mkono Usio na Ajira

AIKA: Karibuni tena, tunarekodi hapa Moshi. Mkisikia honi za bodaboda mtuvumilie, kwa joto hili dirisha halifungwi. Kaka Elia, mzee wako anaendeleaje tangu apate kiharusi?

ELIA: Kutembea anatembea, dada, mpaka kwa jirani anafika. Mkono wa kulia ndio bado. Na ukweli, sisi wenyewe tumechangia.

AIKA: Kivipi?

ELIA: Kwa mapenzi! Miezi minne tunamlisha, tunamfunga vifungo, hata bakuli la mtori mama anamshikia. Siku mtaalamu wa mazoezi tiba amekuja nyumbani akauliza, "Huu mkono hapa una kazi gani?" Tukabaki tunatazamana.

AIKA: (anacheka) Hauna ajira.

ELIA: Hauna kabisa! Anasema mtu akishapata kiharusi anajaribu mkono, chai inamwagika, basi anahamia ule mzima. Ubongo nao unazoea. Hata nguvu zikianza kurudi, mkono hauitwi tena.

AIKA: Hilo Edward Taub, Mmarekani, alilichunguza akianzia kwa tumbili. Ndipo ikaja tiba ya kuuzuia mkono mzima: unavishwa glavu nene, ule dhaifu ulazimike. Matokeo ya jaribio kubwa la kule yalitoka 2006, wagonjwa 222, miezi 3 hadi 9 tangu kiharusi. Wiki 2, mazoezi hadi saa 6 kwa siku. Walioifanya waliwapita wenzao, na mwaka baadaye tofauti bado ipo.

ELIA: Saa 6! Sisi kliniki ni nusu saa, na nauli juu.

AIKA: Na si ya kila mtu. Kiganja na vidole lazima viweze kunyanyuka angalau kidogo. Tena msiende kumfunga mtu soksi mkononi bila mtaalamu, akiyumba atashika nini?

ELIA: Sisi tulipewa maharage. Anachambua kwa mkono wa kulia, mama anahesabu. Siku ya kwanza punje 11, akasukuma ungo kule, kakasirika.

AIKA: Kuhesabu kuna maana. Utafiti wa 2009 ulikuta kwamba kwenye kipindi cha mazoezi ya mkono, vitendo vyenye kazi halisi vilikuwa wastani wa 32 tu. Ubongo unataka mamia.

ELIA: Sasa yuko kwenye mamia, ila kwa mafungu, asubuhi na jioni. Shida yangu ni wageni. Wanakuja kumpa pole, wanamnyanyua kitini kwa kumvuta mkono ule ule!

AIKA: Jamani, bega! Misuli imelegea, bega linaweza kuteguka. Mshikeni kiunoni.

ELIA: Nimeshagombana na wajomba wawili. Lakini Jumapili kafunga kifungo cha shati mwenyewe. Kimoja. Ibada ya kwanza ikatupita, tukaenda ya pili.

AIKA: Na mama?

ELIA: Mama alitoka nje, asije akamsaidia.